Maswali ya Wasomaji: Bustani ya Msitu na Ufukwe kwa Siku Moja

Barua nyingi za toleo hili zinauliza jambo linalokaribiana: familia inataka kuzunguka bustani ya msitu na kufika ufukwe ulio jirani, siku hiyohiyo, na watoto warudi wazima na wenye furaha. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Msomaji mwenye haraka asome angalau jibu la kwanza na la tatu.

Tuanze wapi?

*Ndugu wahariri, tuna watoto wa miaka 3, 6 na 11. Kutoka bustanini hadi ufukweni ni dakika kumi kwa gari. Mara ya kwanza tulianza na bustani, tukafika baharini tukakuta maji yamejaa hadi ukingoni, hakuna mchanga wa kuchezea. Wiki iliyofuata tulianza na ufukwe, watoto wakachoka na bustani hatukuiona. Mpangilio sahihi ni upi? — Baba wa watatu*

Anzeni na jedwali la maji kupwa na kujaa, ndugu yetu, hata kabla ya kuamua ni siku gani. Bustani ipo palepale kutwa nzima. Mchanga haupo.

Katika fukwe nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya masaa 24 na dakika 50 hivi. Kutoka kujaa hadi kupwa ni masaa sita na robo, kwa kukadiria. Zile dakika 50 za ziada ndizo zinazowachanganya wengi, kwa sababu kila siku maji huchelewa kiasi hicho kuliko jana. Zidisha kwa siku saba utapata karibu masaa sita. Yaani kama leo maji yamepwa saa nne asubuhi, wiki ijayo saa nne hiyohiyo yatakuwa yanakaribia kujaa. Anayesema "tulienda wiki iliyopita tukakuta mchanga mpana" hajakupa habari ya kukusaidia wiki hii. (Bahari chache, kama Mediterania, hupwa na kujaa kidogo sana. Huko ratiba hii haina uzito.)

Jedwali lenyewe lina mitego. Mengi huandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 15:10 ukiondoa sita ni saa 9:10 alasiri. Baadhi hayafuati badiliko la saa za kiangazi katika nchi zenye utaratibu huo, na ukikosea hapo unafika saa nzima nje ya wakati. Tena jedwali huandikwa kwa bandari fulani. Ufukwe wenu unaweza kutangulia au kuchelewa kwa dakika kadhaa, na ikiwa uko ndani ya ghuba au karibu na mdomo wa mto, kwa zaidi ya hapo.

Mkishajua saa ya maji kupwa, fikeni ufukweni masaa mawili kabla yake. Hapo maji yanakwenda nje, mchanga unaongezeka kila dakika, na hakuna anayekurupushwa na wimbi akihamisha mikeka. Siku nzuri kuliko zote kwa familia kama yenu ni ile ambayo maji yanapwa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi: ufukweni mapema, kisha msituni jua linapopanda. Asubuhi bahari huwa tulivu zaidi, kwa sababu upepo wa baharini huanza kuvuma nchi kavu ikishapata joto kuliko maji, na hufika kilele alasiri. Na kivuli cha msitu kina faida yake kubwa saa sita mchana, si saa mbili asubuhi.

Kama siku yenu ina maji kupwa alasiri, tuseme saa 9:10, geuzeni. Ingieni bustanini saa 2:30, maliza mzunguko kabla ya saa 5:30, kuleni na mpumzike chini ya miti, mfike ufukweni baada ya saa saba. Msikubali kukaa mchangani tangu saa tano mkisubiri maji yashuke. Hapo ndipo watoto huchomwa na jua.

Usingizi wa huyo wa miaka mitatu uwekeni kwenye gari, kati ya mahali pa kwanza na pa pili. Na mzunguko wa bustani usizidi kilomita moja na nusu kwa jumla. Mtoto wa umri huo anaweza kwenda mbali zaidi, lakini kila kitu alichokitembea asubuhi mtakilipa jioni.

Maji yanarudi kwa kasi gani?

*Shikamooni. Tunapenda kwenda kwenye miamba kutafuta kaa na samaki wadogo kwenye vidimbwi maji yakipwa. Nimesikia maji "hukimbia" yanaporudi. Tuna muda gani kabla ya kuondoka? — Msomaji, miaka 19*

Marahaba. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja, na hapo ndipo hatari ilipo. Mabaharia hutumia kanuni ya sehemu kumi na mbili: gawa tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa mara kumi na mbili. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Ikiwa tofauti ni mita 3, saa ya kwanza hupanda sentimita 25 tu, na wewe unaona kama hakuna kinachotokea. Saa ya tatu hupanda sentimita 75. Kwenye ufukwe tambarare unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50, hizo sentimita 75 ni maji kusogea karibu mita 38 kuja nchi kavu ndani ya saa moja.

Kwenye miamba kuna jambo baya zaidi. Mwamba mliosimama mara nyingi ni kilima kidogo, na nyuma yake, upande wa nchi kavu, kuna mfereji. Mfereji hujaa kwanza. Watoto wameinamia kidimbwi, miguu yao mikavu kabisa, na njia ya kurudi imeshafika kiunoni. Kwa hiyo msiongozwe na macho. Tegeni kengele ya simu kwa dakika ile ambayo jedwali linasema maji yamepwa kabisa, na ikilia mnaanza kurudi, hata kama bahari inaonekana iko mbali.

Bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku moja au mbili zinazofuata, hufunua miamba mingi kuliko siku nyingine, na ndizo siku nzuri za vidimbwi. Ndizo pia ambazo maji hurudi kwa kishindo. Ukiwa na watoto wadogo wasio na haja ya miamba, maji mafu ya wakati wa nusu mwezi ni salama zaidi.

Neno moja kuhusu vidimbwi: ukiinua jiwe, lirudishe polepole kama lilivyokuwa, upande wa chini ukiwa chini. Wanyama walio chini ya jiwe wamekimbilia unyevu, na wakiachwa juu kwenye jua hufa kabla maji hayajarudi. Na gamba zuri la konokono mligeuze mlichungulie kwanza. Likiwa na miguu ndani, lina mwenyewe.

Mkondo unaovuta nje nitautambuaje?

*Wahariri, mimi naogelea vizuri lakini mke wangu na watoto hawawezi. Ninaogopa ile mikondo inayomvuta mtu kwenda baharini. Inaonekanaje kwa macho? — Baba wa wawili*

Umeuliza swali ambalo tungependa kila mzazi aulize kabla ya kuvua viatu.

Mawimbi yakivunjika ufukweni huleta maji mengi, na maji hayo lazima yarudi. Yakipata sehemu ya chini zaidi kati ya matuta ya mchanga, au kando ya mwamba au gati, hukusanyika hapo na kutoka kama mto mwembamba kuelekea baharini. Kasi yake inaweza kuzidi mita 2 kwa sekunde, ambayo hata mwogeleaji wa mashindano haishindi.

Simama mahali pa juu, tazama bahari dakika kumi bila kuongea na mtu. Tafuta mwanya ambapo mawimbi hayavunjiki wakati kushoto na kulia yanavunjika. Maji ya mwanya huo mara nyingi ni meusi zaidi, au yana rangi ya mchanga uliotibuliwa, na povu au majani hapo yanakwenda nje badala ya kuja ndani. Uchungu wa jambo hili ni kwamba mwanya huo ndio unaoonekana mtulivu kuliko kwingine kote, na mzazi mwenye nia njema huwapeleka watoto hapo hapo.

Mkondo haumvuti mtu chini. Humpeleka nje. Wanaokufa mara nyingi huchoka kwa kupigana nao wakijaribu kurudi moja kwa moja. Anayenaswa alale chali aelee, apate pumzi, ainue mkono mmoja kuomba msaada. Akiwa na nguvu aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke kwenye mwanya, kisha arudi kwa pembe pale mawimbi yanapovunjika. Mikondo mingi hulegea ikishapita mstari wa mawimbi. Anayeona mwenzake amenaswa asiruke mikono mitupu. Amtupie kitu kinachoelea, aite mwokoaji, na amwelekeze kwa mkono upande wa kuogelea.

Kama kuna waokoaji, ogeleeni kati ya bendera mbili za nyekundu na njano. Bendera nyekundu peke yake inakataza kuogelea, na nyekundu mbili ni maji yaliyofungwa kwa kila mtu. Zambarau inaonya juu ya wanyama wa baharini wanaouma.

Kwa watoto wasiojua kuogelea, mtu mzima awe umbali wa mkono wake kufika, maji yakiwa ya magotini au ya vifundoni. Mtoto anayezama hapigi kelele. Husimama wima majini, kichwa kimelala nyuma, mdomo unatoka na kuingia, na ndani ya dakika moja amekwisha. Pangeni zamu za dakika 15 za mtu mmoja anayetazama maji tu, bila simu, bila mazungumzo, na zamu ikabidhiwe kwa maneno: "Sasa ni wewe." Bila kukabidhiana, watu wazima wanne wote hudhani mwenzao anaangalia. Maboya ya mikononi huchomoka na hayahesabiki kama kinga. Jaketi la kuokolea maisha linalomkaa sawa linahesabika. Na nguo ya kuogelea iwe ya rangi ya chungwa au njano kali. Ya buluu au nyeupe hupotea ndani ya maji kana kwamba haipo.

Boya la kupuliza

*Watoto wanataka lile boya kubwa lenye umbo la mnyama. Bahari ya kwetu ni tulivu sana alasiri. Kuna ubaya? — Mama wa wawili*

Tazama upepo kwanza, dada. Bahari tulivu kama kioo ukingoni mara nyingi ni dalili kwamba upepo unatoka nchi kavu kwenda majini. Hulaza mawimbi karibu na ufukwe na kusukuma nje kila kinachoelea. Boya kubwa lina upande mpana wa kushika upepo na halina chochote chini cha kushika maji. Mtoto anaweza kwenda mbali kuliko unavyoweza kumfikia kwa muda wa kufungua chupa ya maji. Tupa mchanga mkavu kidogo hewani. Ukielekea baharini, boya libaki kwenye gari. Sisi tungeliacha nyumbani kabisa.

Watoto hawabaki njiani

*Bustani ya msitu tunayokwenda ina vibao kila mahali: "Usitoke kwenye njia." Mwanangu wa miaka 7 anaona kama anaonewa. Kwani kukanyaga majani makavu kunaharibu nini? Na nimpe nini cha kufanya asichoke? — Mama*

Mweleze sababu, mama. Watoto hufuata katazo wanalolielewa.

Mti mrefu haushiki ardhi kwa mizizi ya kina tu. Sehemu kubwa ya mizizi midogo inayonyonya maji na chakula iko kwenye sentimita 30 za juu, na huenea mbali kupita ncha za matawi. Rododendroni, ambazo bustani za msitu huzipenda kwa maua yake, zina mizizi ya juujuu zaidi, laini kama nywele. Mguu mmoja hauleti tatizo. Mia moja mahali pamoja hubana udongo, vile vijitundu vya hewa na maji vinafungwa, na mizizi inakosa pumzi. Udongo wenye unyevu hubanwa kwa urahisi kuliko mkavu, kwa hiyo siku baada ya mvua ndiyo siku ya kuwa mkali. Chini ya majani makavu kuna pia vitunguu vya maua na miche ambayo bado haijatokeza. Mwonyeshe pembeni mwa njia pale watu walipokata kona: ardhi inang'aa, ngumu kama sakafu, haina hata jani bichi. Ataona mwenyewe.

Kuhusu la kufanya, mpe kazi za kupima na kuchunguza. Kupima urefu wa mti ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Achukue fimbo iliyoanguka, aishike wima mkono ukiwa umenyooka mbele, urefu wa fimbo juu ya ngumi yake uwe sawa na umbali kutoka ngumi hadi jicho. Arudi nyuma kwa kufuata njia, jicho moja likiwa limefumbwa, mpaka ngumi ilingane na shina chini na ncha ya fimbo ilingane na kilele. Umbali kutoka alipo hadi kwenye shina ndio urefu wa mti. Ahesabu kwa hatua. Ardhi iwe tambarare, la sivyo hesabu inadanganya, na fimbo ikiinama mbele mti unaonekana mrefu kuliko ulivyo.

Kisha ageuze jani la kangaga bila kulichuma, atazame vidoa vya kahawia upande wa chini vilivyopangwa kwa safu. Humo ndimo zilimo spora, chembe za kuzalia zinazofanya kazi ya mbegu, unga usioonekana kwa jicho moja moja, na kangaga halitoi ua kamwe. Kwenye misonobari akiokota tunda kavu lenye magamba, na siku ikiwa na unyevu, atalikuta limefunga. Likikauka juani hufunguka, kwa sababu upande mmoja wa kila gamba hunywa maji na kuvimba kuliko mwingine. Tunda lilelile likirudishwa kwenye maji hufunga tena baada ya saa moja au zaidi. Lenzi ndogo ya kukuzia inayokuza mara kumi hubadilisha mtoto anayelalamika kuwa mtoto anayechelewesha familia nzima kwa sababu ya kuvumwani kwenye jiwe.

Siku ya upepo mkali msiingie msituni. Tawi kavu lililonasa juu halitoi taarifa, na mahali pa kulia chakula pasiwe chini ya mti wenye matawi yasiyo na majani wakati wenzake wana majani.

Kupe

*Tulirudi na kupe wawili kwenye mguu wa mtoto. Jirani akasema tuwachome kwa kiberiti. Ni sahihi? — Baba*

Si sahihi. Wala mafuta, wala spiriti. Vyote hivyo humchelewesha kutoka na vinaweza kumfanya ateme alichonacho ndani ya jeraha. Chukua kibano chenye ncha nyembamba, mshike kupe karibu kabisa na ngozi, si kwenye tumbo, umvute moja kwa moja juu kwa nguvu ya taratibu isiyokatika. Usimzungushe. Kipande cha mdomo kikibaki na hakitoki kwa urahisi, kiache, ngozi itakisukuma nje. Osha kwa sabuni.

Kupe haruki wala haanguki kutoka mitini kama watu wanavyodhani. Husubiri kwenye ncha za nyasi na vichaka vya pembeni mwa njia, miguu ya mbele imenyooshwa, ashike kinachopita. Ndiyo maana suruali ndefu ya rangi nyepesi, iliyoingizwa ndani ya soksi, inasaidia kuliko dawa nyingi. Mkaguzi wa jioni apite nyuma ya magoti, kwenye kinena, kwapani, nyuma ya masikio na mpakani mwa nywele. Kwa ugonjwa wa Lyme, katika nchi zenye ugonjwa huo, kupe kwa kawaida huhitaji kung'ang'ania zaidi ya masaa 24 kabla ya kuuambukiza. Ukaguzi wa siku hiyohiyo una thamani kubwa. Homa au wekundu unaotanuka ndani ya mwezi mmoja ni wa kumwona daktari, na mtaje kupe.

Mimea yenye sumu

*Mtoto wa miaka miwili hutia kila kitu mdomoni. Kuna mimea ya kuogopa? — Mlezi*

Ipo, na mingi hupandwa kwa uzuri wake. Rododendroni ina sumu kwenye majani na kwenye utamu wa maua, basi watoto wasifyonze. Oleanda ni sumu kuanzia jani hadi kijiti. Mbegu za mbarika zenye madoa mazuri hupendwa na watoto kama shanga, na zikitafunwa ni hatari sana. Difenbakia ya kivulini, yenye majani mapana ya mabaka, huwasha ulimi na koo mpaka vivimbe. Uyoga wowote usiguswe mdomoni. Kanuni ya familia ni fupi: msituni hakiliwi kitu ambacho hakikutoka kwenye begi letu. Akishatafuna, mtoe mabaki, mpanguse mdomo, usimtapishe, chukua kipande cha mmea na uende hospitali nacho.

Losheni ya jua

*Wanangu, mimi ni bibi wa wajukuu wanne. Tunapaka losheni ya jua na bado wanaungua. Tunakosea nini? — Bibi*

Shikamoo bibi. Karibu kila mara kosa ni kipimo. Namba ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) iliyoandikwa kwenye chupa hupimwa kwa safu nene, na wengi wetu hupaka nusu yake au chini ya hapo. Mtu mzima anahitaji mililita 35, yaani vijiko saba vya chai: kimoja uso, shingo na masikio, kimoja kila mkono, kimoja kila mguu, kimoja mbele na kimoja mgongoni. Mtoto wa miaka sita anahitaji karibu vijiko vitatu. Wajukuu wanne wakipakwa mara tatu kwa siku, chupa ya mililita 200 huisha karibu yote, na hilo peke yake linaonyesha tunavyobania.

Pakeni kabla ya kutoka kwenye gari, dakika 20 kabla ya jua, kwa kuwa ngozi yenye mchanga na maji haishiki losheni. Rudieni kila masaa mawili na kila mara wakitoka majini na kujikausha, hata kama chupa imeandikwa haiondoki kwa maji. Wingu jepesi hupitisha sehemu kubwa ya mionzi, na mchanga huirudisha kutoka chini, kwa hiyo chini ya mwavuli bado mtu huungua kidevu. Sehemu zinazosahaulika ni juu ya miguu, nyuma ya magoti na mpasuo wa nywele. Kama mnatumia pia dawa ya mbu, losheni itangulie. Mtoto wa chini ya miezi sita ni kivuli na nguo, si losheni.

Shimo la mchangani

*Vijana wanachimba mashimo makubwa. Ni mchezo tu? — Baba*

Lisipite magoti ya mtoto mfupi kuliko wote. Ukuta wa mchanga husimama kwa sababu ya maji kidogo yanayozigandisha punje. Jua likiukausha, unaanguka wote mara moja, na mchanga uliomfunika mtu kifuani haumruhusu kuvuta pumzi. Handaki marufuku kabisa. Mkiondoka mfukie, kwa ajili ya anayetembea gizani.

Akiumwa na kitu majini

*Tufanye nini mtoto akiguswa na yavuyavu au akikanyaga miiba? — Mama pacha*

Kwa yavuyavu, mama pacha, mtoeni majini, mwoshe kwa maji ya bahari, kwa sababu maji baridi ya bomba huweza kufyatua vichomo vilivyobaki. Ondoeni minyiri kwa kibano, msisugue kwa mchanga wala taulo. Kisha maji ya moto ya nyuzi 40 hadi 45, kwa dakika 20 au zaidi. Mtu mzima ayajaribu kwanza kwa mkono wake. Siki inategemea aina: inafaa kwa wale wa bahari za joto wenye umbo la sanduku, haifai kwa wale wa buluu wenye kibofu kinachoelea. Waulizeni waokoaji wa hapo mapema. Mtoto akikosa pumzi, akivimba uso au akitapika, hiyo ni dharura.

Miiba ya shokomzoba ni dhaifu kama chaki. Ikivutwa kwa pembeni hukatikia ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto kama hayo kwanza, toa inayoonekana, na iliyo karibu na kiungo mwachieni daktari. Viatu vya majini vyenye soli nene huzuia sehemu kubwa ya haya. Na mkiingia kwenye maji ya mchanga burureni miguu badala ya kuinyanyua, ili samaki aina ya taa asikie mtikisiko aondoke.

Akipotea

*Ufukweni kuna watu wengi na msituni njia ni nyingi. Tujiandaeje? — Wazazi wa mara ya kwanza*

Kabla ya kutoka kwenye gari, mpige picha mtoto mzima mzima, viatu vikionekana. Mtu aliyechanganyikiwa hakumbuki nguo alizomvalisha asubuhi. Andika namba ya simu kwenye mkono wake kwa kalamu ya wino, ufunike kwa plasta inayoonyesha, la sivyo bahari itaifuta. Mvishe kipenga shingoni chenye kamba inayokatika ikivutwa. Msituni afundishwe: ukiona umepotea, kaa kwenye mti uliopo karibu, piga kipenga mara tatu, pumzika, piga tena, usihame. Mtoto anayetulia hupatikana upesi kuliko anayetutafuta. Ufukweni, mtu mmoja akimbilie kwanza kwenye ukingo wa maji, na mwingine kwa waokoaji. Vyoo na magari yatafutwe baadaye.

Mchanga hautoki

*Gari letu sasa ni ufukwe. Nifanyeje? — Dereva wa familia*

Mchanga hushikwa na utando wa maji kwenye ngozi, kwa hiyo taulo lililolowa huusogeza tu. Mkaushe mtoto kwanza, nyunyiza wanga wa mahindi kiganjani kwako mbali na uso wake, paka miguuni, kisha pangusa kwa brashi laini. Mchanga unadondoka wenyewe. Beba lita tano za maji ya kusuuza miguu mlangoni mwa gari, mtoto akiwa amekaa kwenye kiti, miguu nje. Nguo mbichi ziende kwenye mfuko uliofungwa, na ufunguo wa gari wenye kitufe cha umeme usiingie mfukoni mwa suruali ya kuogelea hata kwa dakika moja.